Nyumba Iliyoteremka na Mawifi Ndani

Haya, mmenibana wenyewe, basi tulieni niwape mkasa wote, lakini mtu asicheke mpaka nimalize, maana nikifika pale kwenye bakuli la kachumbari mimi mwenyewe huwa nashindwa kuendelea, na aibu yake bado naisikia hapa shingoni kana kwamba ni jana. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, nimekojolewa na watoto wa watu, nimewahi kuanguka jukwaani siku ya mahafali mbele ya wageni rasmi, lakini yote hayo ni cha mtoto mbele ya Jumamosi ile ya Tabora.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, naishi Dodoma. Marehemu mume wangu, Ramadhani, alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Tabora pale Isevya, na ujana wake wote ulipita kwenye njia ya tumbaku, Urambo, Usoke, Tabora, halafu anageuza tena Urambo. Alikuwa na wazimu mmoja tu, na ulikuwa mtamu. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba mizigo ya watu kutoka pwani mpaka Ujiji, na Rama alikuwa akisema haiwezekani ukoo uliotembea njia nzima kwa miguu, yeye mwenye leseni aishie kuijua nusu. "Mwalimu," ananiambia (hata nyumbani aliniita Mwalimu, na mimi nilipenda), "nikistaafu tunanunua gari la kulala, tunaifuata njia ya misafara polepole mpaka Ujiji, tukichoka tunasimama tunapika." Akastaafu kweli, tukanunua Kosta kuukuu iliyochoka kubeba abiria, akang'oa viti, akaanza kupigilia mbao, na asubuhi moja nikamkuta amekaa kwenye ngazi yake, nyundo mapajani, ameshakwenda zake.

Ile Kosta ilikaa uani siigusi. Mvua ikipiga juu ya bati lake mimi nafunga dirisha nisiisikie. Halafu siku moja nikaamka nikasema potelea mbali, nikaita fundi, tukamalizia kazi ya Rama: kitanda, jiko dogo la gesi, pipa la maji, choo cha kubebeka, mapazia ya kitenge niliyoshona mwenyewe. Nikajifunza kuiendesha nikiwa na mvi zangu, majirani wanachungulia. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa, nacho ni breki ya mkono. Fundi akaniambia, "Mama, hii imechoka, mpaka tukipate kifaa chake. Kwa sasa ukisimama penye mteremko weka mawe kwenye matairi." Nikaona hilo si tatizo, mawe yamejaa nchi nzima.

Basi binti yangu Zuhura akanionesha kwenye simu kwamba kumbe kuna watu wengine wenye wazimu huohuo wa baba yake, klabu ya wenye magari ya kulala, wanatoka Bagamoyo kwa mwendo wa pole wakiifuata ile njia ya misafara, na wageni wanaruhusiwa kujiunga nao Tabora, ambako wanapiga kambi siku mbili nje kidogo ya mji, upande wa Kwihara. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu kwamba karibu sana, ila mgeni kwanza anakaa nasi Tabora, tunamwona yeye na gari lake, halafu Jumamosi jioni kiongozi anasema nani tunaendelea naye mpaka Ujiji. Roho yangu yote ikahamia hapo, kwenye hiyo Jumamosi jioni. Nilitaka wanikubali, niifikishe Kosta ya Rama alikotaka ifike, na kama mnanijua mnajua nikitaka kitu siwezi hata kula vizuri.

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri mpaka naionea huruma leo. Kigwa nilisimama makusudi, ingawa sikuwa na haja ya chochote, kwa sababu zamani tulipokuwa tumeoana tu tukipanda treni, pale Kigwa akina mama walikuwa wanatuinulia madirishani kuku na asali kwenye chupa za soda, na Rama ananunua hata kama tumeshiba, anasema ukipita bila kununua wanawake wa Kigwa watakukumbuka. Nikanunua asali chupa moja. Hakuna aliyemkumbuka, ila nilijisikia vizuri.

Sasa niwaambie mgeni anakutana na nini kwenye kambi za watu hawa, maana nilidhani ni kuegesha tu ukalala. Kwanza mgeni anaegesha palipobaki, na mimi palipobaki ni juu kwenye mteremko, waliotangulia wameshachukua tambarare yote kule chini. Pili, ile nafasi kati ya gari la mtu na viti vyake ni sebule yake, haikatizwi, hata kama ni majani matupu. Unasimama pembeni unapiga hodi hewani (mimi nilikatiza sebule za watu watatu kabla sijaambiwa, nasalimia kwa bashasha, najiuliza mbona wananiangalia hivyo). Tatu, mlango wazi maana yake karibu, pazia likishushwa maana yake mwenyewe amepumzika. Nne, hakuna anayekuuliza kabila wala ukoo, wanakuuliza unabeba maji lita ngapi na choo chako unakimwaga wapi, tena wakiwa na vikombe vya chai mkononi, watu wazima wenye heshima zao. Na tano, Jumamosi mchana kila gari linaleta chakula kwenye meza moja ndefu, na mkishakula, mgeni anafungua mlango wake, watu wanapanga foleni kuja kuiona nyumba yake. Wanasema si ukaguzi. Ni ukaguzi.

Kiongozi wao anaitwa Bwana Mushi, mtu wa makamo, mpole kupita kiasi, wa aina ile ambayo hata akikukataza jambo unajikuta umemshukuru. Alikuja akanisaidia kutafuta mawe matatu mazuri, nikayakita mbele ya matairi, akayapiga teke kidogo kuyajaribu, akasema, "Hapo sawa kabisa, Mama Zuhura." Jirani yangu wa kule chini alikuwa Neema, mwanamke wa mjini hasa, ana gari jeupe linalong'aa na turubai la kivuli lenye mistari alilolitandaza ubavuni, na meza yenyewe ya chakula cha Jumamosi ilipangwa hapohapo mbele ya turubai lake.

Nitawaambia na jambo ambalo sikumwambia hata Zuhura. Ijumaa ile jioni nilifurahi sana kuwa katikati ya watu wasiomjua Rama. Hakuna aliyenipa pole. Hakuna aliyenishika mkono akatikisa kichwa. Nilikuwa Mama Zuhura mwenye Kosta ya bluu, basi, nikacheka mpaka nikajishangaa. Ndiyo maana nilikuwa nimepita Tabora mjini kimyakimya bila kuwaaga wala kuwasalimia mashemeji na mawifi zangu wa Isevya, kwa sababu nilijua nikikanyaga mlango wao tu, kilio kinaanza upya.

Lakini asubuhi roho ikanisuta. Nikasema hivi kweli, niko Kwihara, naiona minara ya mji ule pale, nilale bila kumsalimia dada mkubwa wa mume wangu? Salamu tu, nikasema, salamu haina madhara. Nikapiga simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

"Wifi Mwajuma, shikamoo."

"Marahaba mke wetu. Uko wapi?"

"Niko hapa Kwihara. Nimekuja na ile Kosta ya Rama, nimeimalizia. Nalala humohumo."

"Unalala humo, imesomewa?"

"Imesomewa nini?"

"Dua! Mtu analalaje kwenye nyumba mpya haijasomewa dua, na wewe ni mwalimu?"

"Wifi, ni gari."

"Lina kitanda?"

"Lina."

"Lina jiko?"

"Lina."

"Choo?"

"Lina wifi, lakini..."

"Basi hiyo ni nyumba, magurudumu ni mambo yake yenyewe. Nakuja."

Na mimi, badala ya kusema leo nina shughuli, tuonane kesho, nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Karibu wifi, tunywe chai." Nilikuwa nawaza mtu mmoja, kikombe kimoja.

Walikuja na kirikuu moja, kale kagari kadogo ka mizigo, na bajaji tatu. Mbele wifi Mwajuma mwenyewe, kanga mbili, mkono mmoja umeshika bati la juu kana kwamba anaizuia bajaji isiruke. Nyuma mawifi wadogo, wake wa mashemeji, mjomba Kasimu na fimbo yake, ustadhi wa madrasa ya mtaani kwao, na kwenye kirikuu sufuria la shughuli, mchele, kuku wawili wazima, mikeka, kuni na chetezo cha ubani. Wakashuka wakakatiza sebule zote za kambi kwa mstari mnyoofu, wakisalimia kila mtu. Mjomba Kasimu akamwamkia Neema kwa Kinyamwezi "Mwangaluka!" kwa sauti ya kuvukia mto, Neema akajibu "Asante."

Nikakimbia kwa Bwana Mushi. Akawaangalia wanaotandika mikeka, akaniangalia mimi. "Mama Zuhura, hawa wote ni wa gari lako?"

"Wamekuja kunisalimia tu. Dakika chache."

"Hakuna neno kabisa. Ila chakula saa saba, na baada ya hapo watu watapita kwako."

"Watakuwa wameshaondoka," nikamwambia, na Mungu anisamehe, niliamini.

Nikarudi juu nikawaambia akina wifi kama ni chai, jiko la gesi liko ndani. Wakaingia wakaliangalia. Wifi mdogo akaligusa kwa kidole kimoja, akasema, "Hili la kuchemshia uji wa mtoto." Wakatoka wakicheka, wakasema mimi nishughulike na wageni wangu, pilau waachie wao. Nikashuka tena chini kupeleka chupa yangu ya asali mezani (ndiyo ilikuwa mchango wangu, na nilikuwa naionea fahari), nikakaa kidogo nikiongea na watu, najichekesha, ili waone mimi ni mtu wa kawaida na kule juu hakuna jambo. Niliporudi moto ulikuwa umeshawaka, sufuria la shughuli limekaa juu ya mafiga matatu, limetulia hasa.

Nikasimama nikayasifia. "Mawe mazuri haya, mmeyapata wapi?"

"Hapahapa," akasema mmoja wao, anakoroga. "Yalikuwa yamekaa tu."

"Mungu amewawekea," nikasema. Nikaenda kutafuta sahani.

Msinicheke, nimesema. Mwanamke yeyote wa Unyamwezi akiona mawe matatu yanayolingana, mkono unaenda wenyewe, hawezi kudhani yana kazi nyingine duniani. Lakini mimi niliyeyaweka kwa mikono yangu! Mimi niliyeyakita jana yake! Nilikuwa nimechanganyikiwa, macho yangu yako kule chini mezani tu, naona wanavyotandika vitambaa, wanavyopanga mabakuli, nahesabu kichwani jinsi ya kumalizana na hawa kabla ya wale hawajaja.

Nikamwomba wifi tusome dua haraka. Akakubali vizuri, ila akasema dua ya nyumba haisomwi nje, inasomwa nyumba imejaa watu, ili baraka ikute wenyeji. Basi wakaingia. Jamani, ile Kosta ilipokuwa ikibeba abiria haijawahi kujaa namna ile. Kitandani walikaa mawifi wamebanana, kwenye sakafu wake wa mashemeji, mlangoni ustadhi na chetezo, mimi nikasukumwa mpaka dirishani, kichwa kimeegemea kioo. Na kwa kuwa mkubwa hawezi kukaa chini wakati kiti kipo, mjomba Kasimu akapewa kiti pekee cha heshima kilichokuwa bado wazi humo ndani, nacho ni cha dereva. Mjomba hajawahi kuendesha hata baiskeli. Akapanda, akajiweka sawa, akaipapasa ile breki ya mkono akaona inamchoma ubavu, akaisukuma chini ikae vizuri, akainua mikono.

Ustadhi akaanza. Sauti yake nzuri kweli, nilifumba macho. Nilipofumbua nikaona mninga unapita dirishani, polepole, unakwenda nyuma. Nikawaza, huu mti unakwenda wapi. Halafu wifi mmoja akanong'ona, "Nyumba inatikisika, dua imekubaliwa," na mimi nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga.

"Mjomba! Breki! Kanyaga breki!"

Mjomba Kasimu akafungua jicho moja, mikono bado juu. "Nakanyaga wapi?"

"Chini! Katikati!"

Akateremsha fimbo, akachokoa chini huku na huku, akakosa, akajishika kwenye usukani, na honi ikaanza kulia. Ikalia moja kwa moja, haikatiki, na ustadhi, ambaye hajawahi kuona kitu cha kumkatisha dua, akaongeza sauti ili aishinde honi. Basi tukateremka hivyo, si kwa kasi, afadhali ingekuwa kasi, ni mwendo wa bibi harusi, moshi wa ubani unatoka madirishani, honi, dua, na Bwana Mushi anakimbia ubavuni akipiga bati kama konda, "Mama Zuhura! Mama Zuhura!" Na mimi namjibu nini? Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti, "Tunakuja! Pisheni!"

Wakapisha. Kila mtu akanyakua alichoweza, huyu sahani ya sambusa, yule jagi, na wakatawanyika. Meza ikapigwa ubavuni ikalala, maharage, wali, keki ya mtu, asali yangu ya Kigwa, vyote chini. Turubai la Neema likanaswa na kioo cha pembeni, likang'oka na vyuma vyake, likafunika kioo cha mbele, mjomba akasema, "Sasa kumekuwa giza." Na Neema mwenyewe alikuwa amesimama hapo ameinua bakuli kubwa la kachumbari juu ya kichwa kulinusuru, na kichwa changu kilikuwa nje ya dirisha. Nyanya, vitunguu, pilipili, limao, vyote nikavipokea usoni. Bakuli likaingia ndani likatua kwa wifi mdogo, akalishika, akasema, "Ahsante."

Tukagonga kichuguu. Kimoja cha vile vikubwa vya huku, vinavyofika paa la nyumba, na ninakishukuru mpaka leo, maana nyuma yake ni korongo. Honi ikanyamaza. Hakuna aliyeumia, hata kuku mmoja aliyekuwa bado hai alitoka chini ya kitanda akijikung'uta. Nikawa nataka kutoka mbio nikaombe radhi, nilie, nifukiwe, chochote, lakini wifi Mwajuma akanishika goti.

"Mtu asitoke. Dua haikatwi."

Na haikukatwa. Bwana Mushi alipofungua mlango, kambi nzima nyuma yake, alikuta ukoo mzima umekaa umeinua mikono, na mimi nina vitunguu kwenye nyusi. Nilimwona akitaka kusema neno. Halafu akavua kofia yake, akasimama palepale kwenye ngazi, na wengine nyuma yake wakasimama.

Hapo wifi akachukua maneno kwa ustadhi. Akamwomba Mungu aibariki nyumba, awalaze waliomo wazima, awaamshe wazima, na amrehemu mdogo wake, Ramadhani, "aliyeijenga kwa mikono yake asijaaliwe kulala humo hata usiku mmoja." Basi. Mimi msibani sikulia, nilikuwa nagawa maji, napokea wageni, watu wakasema mwalimu ana moyo. Nililia siku ile, pua ya gari ikiwa kwenye kichuguu, mbele ya klabu nzima, tena si kilio cha kistaarabu, ni kile cha kukoroma na kupiga paja, na pilipili machoni ikinisaidia. Watu niliowakimbilia kwa sababu hawajui nimefiwa, wakajua wote kwa mara moja.

Kilichofuata nakisema kwa ufupi kwa sababu kinaniuma. Chakula cha kambi kilikuwa kimeliwa na vumbi, kwa hiyo wote wakala pilau ya akina wifi, na waliisifia. Bwana Mushi alipokwenda kupakua aliinama akayaangalia yale mafiga, akayaangalia tena, akaniangalia, akajipakulia. Rejeta ya Kosta ilikuwa imetoboka, bampa limebaki kwenye kichuguu. Jioni akaja kwenye mkeka wetu, akakaa, akaniambia kwa ule upole wake, "Mama Zuhura, sisi tunaondoka asubuhi, na gari lako haliwezi. Na wenzangu wengine, nisikufiche, wameogopa. Safari nyingine, ukishatengeneza breki." Nikamshukuru, kama kawaida. Neema nilimwomba radhi mara tatu, nikamwahidi turubai jipya, na nikampelekea baadaye, lakini aliondoka bila kuniaga na simlaumu hata kidogo.

Asubuhi nilisimama nikawaangalia wakipita mmoja mmoja kushika njia ya Urambo, wanapunga mikono, nami napunga, kanga mdomoni. Nilijiona nimemwangusha Rama. Trekta la mtu likaivuta Kosta mpaka Isevya, uani kwa wifi, mahali nilipokuwa nimepakwepa tangu mwanzo, na nikakaa humo wiki na siku zake nikisubiri fundi. Watoto wa mtaa wakaja kuiona nyumba. Wazee wakaja. Kila aliyekuja alikuwa na neno lake kuhusu Rama, alivyokuwa mtukutu, alivyoimba vibaya, na nikaona kumbe kumsikia akitajwa hakuui.

Gari lilipopona, breki ya mkono mpya kabisa, wifi akatoka ndani na kapu lake, akapanda mbele, akafunga mlango.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Ujiji. Wewe ulidhani njia ile ni ya klabu?"

Basi tukaenda, sisi wawili. Wifi ni abiria mbaya sana, nawaambia, anakanyaga breki isiyokuwepo, anamsalimia kila mtu barabarani, na haachi kusema, hapa Rama alinunua hiki, hapa Rama aligombana na nani. Tulipofika Usoke akanigonga bega. "Pale," akasema, "tulikwama na lori lake la tumbaku, masika, mimi nakwenda harusini Urambo. Tope mpaka hapa. Kulikuwa na fundi seremala anachonga kitanda barazani, Rama akamwendea, akajilaza chini kwenye baraza, akasema nipime. Fundi anampima. Akasema haya, sasa ongeza na upana wa mtu mwingine, na urefu zaidi, kitanda cha kuingia kwenye gari. Nikamuuliza, mtu gani? Akasema mke wangu, ni mrefu, tusipopima sawasawa miguu yake itabaki nje. Nikamwambia mke gani wewe, hujaoa! Akasema, kuna mwalimu mmoja nimemwona."

Wakati huo Rama alikuwa hajaniambia hata neno moja. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili, kwenye geti la shule.

Nikaliweka gari pembeni. Hapohapo nikaapa, na naapa tena mbele yenu nyote, mimi sitategemea tena mawe maadamu niko hai, sitamkalisha mzee kwenye kiti cha dereva, na sitaingia mji wenye watu wa Rama nikapita kama mwizi. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikazima injini, nikamgeukia wifi.

"Hebu anza tena," nikamwambia. "Anzia mlipokwama."